Nililipwa 15,000 kudanganya kuhusu kolesteroli. Mama yangu aliamini

Wacha nianze na kitu ambacho sijawahi kusema hapa.

Mwaka jana kuna watu walinipigia simu wakitaka niwafanyie tangazo la unga wa mitishamba. Tangawizi, kitunguu saumu, majani ya mlonge, na vitu vingine ambavyo hata wao hawakuweza kunitajia. Mkebe mmoja shilingi 1,800. Kazi yangu ilikuwa ya dakika moja: nishike mkebe, nitabasamu, niseme unga huu unasafisha mishipa na kushusha kolesteroli bila dawa za hospitali. Walinilipa 15,000. Kodi ilikuwa imechelewa siku tisa na landilodi alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu. Nikasoma maneno waliyoniandikia, nikarekodi mara tatu, nikaweka mtandaoni, nikalala vizuri.

Video ile ilitazamwa mara 340,000. Hakuna kitu nimewahi kufanya kikaenda mbali hivyo.

Mmoja wa waliotazama alikuwa mama yangu, Nakuru.

Mama ana miaka 54. Anauza chapati na maharagwe karibu na steji. Ni mwembamba kama mimi, ukimwona huwezi kufikiria kolesteroli. Miezi michache kabla ya video yangu alikuwa ameenda hospitali sababu ya presha, wakampima damu, wakamwambia kolesteroli iko juu, wakamwandikia kidonge kingine cha kumeza kila jioni. Ya presha nilijua. Hii ya pili hakuniambia, juu hakuona kama ni kitu cha kuambia mtu. Haumwi popote, utasema nini?

Basi akaona kijana wake kwa simu, amevaa vizuri, anaongea kama mtu anayejua. Akaituma video kwa chama chake. Akaagiza mkebe. Vile vidonge vya kolesteroli akaviweka kwa droo, na vya presha akawa anameza akikumbuka. Ukimuuliza leo kwa nini, anakuambia bila hasira: "Si ni wewe ulisema."

Ilikaa hivyo miezi mitano. Halafu asubuhi moja akiwa anasukuma chapati, mti wa kusukumia ukamtoka mkononi. Akauokota, ukamtoka tena. Mteja akamuuliza kama maharagwe yako tayari, na kile mama alijibu hakikuwa maneno. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Baada ya kama nusu saa kila kitu kikarudi sawa. Watu wa pale wakasema ni baridi, apewe chai moto. Mtu wa boda mmoja ndiye alikataa, akasema hapana, mama huyu anaenda hospitali sasa hivi. Huyo mtu wa boda ninamshukuru hadi leo.

Ilikuwa kiharusi kidogo, kile cha kuja na kuondoka. Nilifika usiku kutoka Nairobi. Daktari alituambia kwamba kikiondoka hivyo usifikirie umepona, hilo ni onyo, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Kisha akamuuliza: "Mama, dawa uliacha lini?"

Mama hakujibu. Aliniangalia mimi.

Siwezi kuapa kwamba video yangu ndiyo ilisababisha. Presha ilikuwepo, umri upo, na daktari mwenyewe alisema hivi vitu vinashikana mikono. Lakini mtu aliyekuwa na dawa kwa nyumba aliziacha juu yangu. Hilo siwezi kuligeuza.

Kuna kitu kingine kimenisumbua tangu siku hiyo, na ndicho nimekuja kusema. Kwa nini mama aliamini dakika yangu moja kuliko hospitali? Jibu linaniuma, lakini ni rahisi. Mimi nilimweleza. Nilimweleza uongo, lakini kwa lugha yake, pole pole, nikimwangalia machoni. Hospitali ilimpa ukweli kwa karatasi yenye LDL 4.3 na herufi H pembeni. Mama alifikiria H ni ya hospitali. H ilimaanisha iko juu. Alikaa na karatasi hiyo miezi bila kujua inasema nini kumhusu.

Maoni yangu ni haya: hii vita ya kolesteroli Kenya tunaipoteza kwa maelezo kabla ya kufika kwa dawa. Anayejua haelezi, na anayeeleza hajui. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Wacha nijaribu kulipa deni kidogo. Nimesoma, nimeuliza, na nimemsumbua daktari wa mama hadi akaacha kupokea simu zangu za usiku.

Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji, na nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe. LDL ndiyo inayoibeba kwenye damu, na ikiwa nyingi kwa miaka inaingia ndani ya ukuta wa mshipa na kukaa huko. HDL inasaidia kuirudisha kwa ini. Sasa sikia hapa, juu hapa ndipo sisi wauza uongo tunawapata. Tunawaonyesha picha ya bomba la sinki limeziba mafuta, halafu tunasema kitu fulani "kinasafisha". Mshipa si bomba. Yale mafuta hayajalala ndani ya njia yakingoja kusuguliwa. Yako ndani ya ukuta wenyewe, kama unyevu chini ya rangi. Nyumba inaonekana safi hadi siku plasta inapasuka. Ikipasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba. Ikiwa ni kwa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni kwa ubongo, ni kiharusi. Kabla ya siku hiyo mara nyingi husikii chochote, na ndiyo maana kipimo kiko.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba hizo ni dawa za wazungu. Ndugu yangu, statini ya kwanza haikutoka kwa mzungu. Ilipatikana na Mjapani anaitwa Akira Endo, mtoto wa wakulima kutoka Akita. Alipima aina kama 6,000 za ukungu na vijidudu akitafuta kimoja kinachoweza kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Mwaka wa 1973 akakipata kwenye ukungu wa rangi ya bluu na kijani, uliotoka kwa mchele wa duka la nafaka Kyoto. Kwa hivyo kama unataka kitu asilia, hicho hapo. Tofauti yake na unga wangu ni kwamba hicho kilipimwa. Mwaka wa 1994 matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia yalitoka: wagonjwa 4,444 wa moyo, nusu wakipewa simvastatini na nusu kidonge kitupu, wakafuatwa zaidi ya miaka mitano. Vifo vilipungua kwa kama asilimia 30 kwa waliopata dawa. Unga nilioutangaza ulipimwa na nani? Mimi ndiye nilikuwa maabara, na malipo yalikuwa kodi ya nyumba.

Na bei je? Mama hununua vidonge vyake vya mwezi kwa shilingi 700 kwa duka la dawa. Mkebe wangu ulikuwa 1,800. Tuliwaambia watu tunawaokoa na gharama za hospitali huku tukiwatoza zaidi ya mara mbili.

Sasa nigeuke upande wa madaktari, na naomba msikasirike.

Safari ya pili mama alihudumiwa na daktari mdada, mtulivu, ambaye alifanya kitu kidogo sana. Aligeuza karatasi, akachora viduara, kumi mara kumi. Akasema: "Mama, uko kwa chama?" Mama akasema ndiyo. "Sawa. Hiki ni chama cha wanawake 100, wote na presha na kolesteroli kama zako za wakati ule. Tuseme kwa mfano, miaka kumi ijayo, 20 watapata mshtuko wa moyo ama kiharusi." Akapaka viduara 20 rangi. "Wote 100 wakimeza hii dawa kila siku, wanakuwa kama 15." Akafuta vitano. "Wale 80 wangekuwa sawa hata bila dawa. Wale 15 itawapata hata wakimeza. Lakini hawa watano wameokoka, na hakuna mtu anajua ni akina nani. Ndiyo maana wote wanachanga." Halafu akamwambia ukweli: "Hiyo ilikuwa kabla ya ile asubuhi. Sasa wewe umeshaonywa, hesabu yako imepanda. Na dawa inakufaa zaidi kuliko mwanzo."

Mama aliangalia ile karatasi muda mrefu. Akauliza: "Kwa hivyo ningekuwa mmoja wa hawa watano?"

"Labda, mama. Hatuwezi kujua."

Dakika nne hivi. Kwa hizo dakika nne mama alielewa kitu ambacho miezi ya H haikumwambia. Na angalia, yule daktari hakumdanganya kwamba dawa inaokoa kila mtu. Alimpa hesabu halisi na mama akaamua mwenyewe. Nilikuja kugundua kwamba wenzetu wana kifaa cha hivi hivi. Kule Marekani, Mayo Clinic, kundi la daktari Victor Montori walitengeneza karatasi yenye nyuso 100 ndogo, daktari na mgonjwa wanaiangalia pamoja kabla ya kuamua kuhusu statini. Si teknolojia ya roketi. Ni karatasi na rangi. Kwa nini sisi hatuna ya Kiswahili kwa kila meza ya kliniki? Ya Kikuyu, ya Dholuo, ya Kikamba? Na iwe na chama, juu chama tunakielewa kuliko asilimia.

Najua jibu. Foleni. Nimekaa kwa hiyo foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nimeona daktari mmoja na benchi nne zimejaa. Sitamlaumu mtu ambaye hajala tangu jana. Lakini kueleza si lazima afanye daktari. Tangu 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, na walipewa mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa chati za hatari ya moyo mwaka wa 2019, na Afrika Mashariki ina chati yake. Moja ya chati hizo haihitaji hata kupima kolesteroli: unatumia umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kwa urefu. Maana yake ni kwamba mama wa mtaani mwenye mkoba anaweza kukaa na mama yangu kwa kiti cha plastiki na kumwambia, "Wewe nenda ukapimwe damu." Vifaa tayari viko mlangoni kwetu. Kinachokosekana ni mazungumzo.

Na kuna lingine madaktari waulize kabla mgonjwa hajaondoka: maumivu. Watu wengi huacha statini wakisema misuli inauma. Wengine ni kweli inawauma, na kuna dozi ama dawa nyingine ya kubadilisha. Lakini kule Imperial College London walifanya utafiti wa SAMSON, matokeo yakatoka 2020. Watu 60 waliokuwa wameacha dawa kwa sababu ya madhara kama maumivu walipewa miezi ya statini, miezi ya kidonge kitupu, na miezi bila kidonge, bila kujua kidonge gani ni kipi. Maumivu ya kidonge kitupu yalikuwa karibu sawa na ya statini. Hawakuwa wanadanganya, yaliuma kweli, lakini sehemu kubwa ilitokana na kungoja yaume. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwa dawa. Unaona tena? Maelezo ndiyo yaliwarudisha.

Sisi wagonjwa na watoto wa wagonjwa pia tuna kazi. Usiondoke kliniki bila kuuliza haya:

1. Namba yangu ni ngapi, na kwa mtu kama mimi inamaanisha nini kwa miaka kumi?
2. Dawa hii itapunguza hatari yangu kiasi gani?
3. Nitameza hadi lini? (Mara nyingi jibu ni miaka mingi. Afadhali ulisikie leo kuliko ufikirie ni dozi ya mwezi mmoja kama ya malaria.)
4. Nirudi lini kupimwa tena? Kawaida ni kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza, ndiyo ujue kama inafanya kazi.
5. Nikisikia vibaya, ama nikikosa pesa ya dawa, nifanye nini kabla ya kuacha?

Hilo la tano ndilo kubwa. Mama aliacha kimya kimya. Hakuna mtu alikuwa amemwambia anaweza kurudi kuuliza.

Na mwambie daktari kuhusu familia yako. Kama kuna mjomba aliyeanguka ghafla akiwa kijana na watu wakasema amerogwa, litaje. Kama mtu 1 kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na kolesteroli ya juu kutoka kwa mzazi, awe mnene ama mwembamba, ale sukuma ama nyama.

Kuhusu chakula sitawachosha, mnajua. Ila kuna moja nataka mtazame jikoni leo. Ile chupa ya mafuta iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli. Ni kweli, haina. Mafuta ya mimea hayanaga kolesteroli ya kuhesabika, ni kama kuandika maji hayana mifupa. Geuza chupa usome nyuma. Kama ni mafuta ya mawese, karibu nusu yake ni yale mafuta mazito, na hayo ndiyo yanapandisha LDL yako. Mama bado anauza chapati, hiyo ndiyo ilinisomesha hadi pale nilipofika. Lakini yeye mwenyewe sasa anakula zaidi ya upande ule mwingine wa meza: maharagwe, ndengu, sukuma, omena, kipande cha avokado. Na bado anameza kidonge, juu chakula peke yake hakikutosha.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza nini? Ni haki yako kuuliza. Niliacha, karo iliisha na mimi nikachoka. Sina digrii ya kitu chochote. Ndiyo maana sikuambii umeze nini ama dozi gani. Nakuambia uulize mtu aliyesoma, na ukatae kuondoka hadi ueleweshwe. Lakini mbona wakati nilikuwa nauza mkebe hakuna mtu hata mmoja aliniuliza nilisomea wapi? Angalia maoni ya ile video. Watu 340,000, na swali lilikuwa moja: "Bei?"

Kwa wenzangu wa kamera. Najua njaa ya mwisho wa mwezi, siwezi kuwahubiria. Tangaza viatu, tangaza mchezo wa simu, tangaza sabuni. Lakini mtu akikulipa useme neno "bila dawa za hospitali", jua kwamba kuna mtu mahali fulani ana hizo dawa kwa droo na anangoja ruhusa ya kuziacha. Inaweza kuwa mamako.

Ile video niliifuta. Nikaweka nyingine ya kusahihisha, nikaeleza kila kitu, bila muziki. Imetazamwa mara 11,000. Hesabu hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Wale wengine 329,000 wako wapi, na kwa droo zao kuna nini?

Mimi siwezi kuwafikia peke yangu. Kwa hivyo ukifika hapa, usinipe pole. Pigia mzazi wako simu leo jioni, muulize swali moja: "Kuna dawa yoyote uliacha?" Uliza pole pole, bila kugomba. Mama yangu alihitaji mtu mmoja tu wa kumuuliza hivyo, na huyo mtu alikuwa mimi.

Aliniambia niandike hii. Alisema watu wa chama chake wawili bado wana mikebe. Jumamosi ataenda mkutanoni na ile karatasi ya viduara 100, ameikunja kwa mkoba pamoja na kitabu cha michango.